Zima Hiyo Simu

Ngumi ya kwanza ilimpata Antena mdomoni. Akaanguka chali katikati ya vitanda viwili, simu bado kaing'ang'ania mkononi.

"Nimekwambia zima!" Injinia alifoka.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Saa nane Injinia, jina alilotoka nalo nyumbani, alikuwa na mtihani wa marudio. Akifeli huo, chuo kinamtema, arudi akamkorogee baba yake saruji. Ndiyo maana tangu Jumatatu simu yake mwenyewe aliizima na kuifungia sandukuni. Makundi ya WhatsApp kumi na moja! La darasa, la bweni, la wanaosubiri matokeo, hadi la kulalamikia makundi mengine. Usipojibu unaringa, ukijibu umejitakia. Kichwa kilikuwa kinawaka moto.

Lakini utatulia vipi, nawe unalala chumba kimoja na mtu ambaye bweni zima limembatiza Antena? Tangu juzi ilikuwa ting, ting, ting. Ukisoma mstari, ting. Mara Antena anatoka koridoni kunong'ona, mara anarudi macho mekundu kama kapakwa pilipili.

"Nani huyo asiyechoka?"

"Watu tu, kaka. Wewe soma."

Watu tu! Injinia alimkalia kifuani, akamshindilia nyingine. Pua ikapasuka, damu ikamwagika hadi kwenye daftari sakafuni.

"Zima!"

"Siwezi." Antena alitema jino. "Nipige, ukichoka ukasome. Lakini siizimi, na sikupi."

Jeuri hiyo! Injinia aliona giza. Akaudaka ule mkono, akaupindia mgongoni mpaka bega likalia ko! Antena akapiga yowe, vidole vikalegea. Wenzao walishaanza kugonga mlango. Injinia hakujali. Alisikia raha, ndiyo, raha kabisa, kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Simu ikalia tena, safari hii kiganjani mwa Injinia.

"Usisome!" Antena alijikokota kwa mkono mmoja, akamshika mguu. "Ndugu yangu, ivunje. Ipige ukutani, sitakudai. Ila usisome!"

"Ahaa! Kumbe kuna mambo?" Injinia alimpiga teke la mbavu, akajinasua. "Basi leo bweni zima litayasikia."

Akafungua mlango. Koridoni wamejaa. Akaiinua simu juu, akabana pua kama mwigizaji, akaanza kusoma ujumbe ulioingia:

"Mwanangu, Mungu akulipe. Tunazika saa kumi. Endelea kumficha Injinia wangu mpaka amalize mtihani, ndivyo baba yake alivyousia kabla hajakata roho."