Jina la Senkondo

Mimba ikifika mwezi wa saba, kila mama hupimwa kwa ultrasaundi. Mikunjo ya ubongo wa mtoto huangaliwa, na shule atakayosoma hupangwa hapohapo.

Namsifu aliporudi kutoka kliniki aliwakuta mumewe, Eliamini, na mama mkwe wake uani. Mama alikuwa anachambua maharage.

"Wamempa shule gani, mwanangu?"

"Ya vibarua, mama."

"Nyumba hii haijawahi kutoa kibarua."

Namsifu alimtazama Eliamini. Mzaliwa wao wa kwanza alikuwa aitwe Senkondo, jina la marehemu babu yake mzaa baba. Wao wenyewe walishazoea kumwita hivyo akiwa tumboni.

"Jina la mzee tumtunzie mdogo wake atakayefuata," mama mkwe alisema kwa upole.

"Na huyu aitweje?"

"Majina yapo mengi."

Eliamini alichuchumaa, akaanza kumsaidia mama yake kuchambua.

Namsifu alifunika tumbo kwa viganja vyote viwili. Kliniki walikuwa wamemwambia pia kwamba masikio ya mtoto yamekomaa vizuri, na kwamba sasa anasikia kila kinachosemwa.