Kiberiti cha Alfajiri

Njiti moja ilicheza ndani ya kiberiti, chaka, chaka. Gizani, Zamoyoni alikitikisa karibu na sikio la bintiye.

"Mwajabu, hiki nini, mwanangu?"

Mtoto alitabasamu tu. Jana jioni alilitaja neno 'kiberiti' mara kumi, mpaka bibi yake akapiga vigelegele. Sasa halipo. Daktari alishaeleza: Mwajabu alizaliwa na jeni moja pungufu, ndiyo maana viungio vya kumbukumbu ndani ya ubongo wake haviimariki hata jambo lirudiwe vipi. Linaingia, linalala, asubuhi limekwenda. Miezi minne sasa, kila alfajiri mama yake anamuuliza upya. Mwalimu wa shule ya watoto kama yeye alisema atampokea iwapo ataamka akikumbuka jambo moja tu la jana, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kuandikisha.

"Kiberiti, mwanangu. Ki-be-ri-ti. Sema basi, nakuomba!"

"Mama Mwajabu, usimtie hofu mtoto," mama mkwe alisema kutoka kitandani. "Si kosa lake."

"Wala langu, mama!"

Zamoyoni akaitoa njiti ile, ya mwisho, akawasha taa. Akakitupa kiberiti mezani, akajifunika uso kwa kanga.

Mwajabu akakiokota. Akakitikisa karibu na sikio lake, kama mama afanyavyo kila alfajiri. Kimya. Akakitikisa tena kwa nguvu, akakunja uso, kisha akakisogeza kwenye sikio la mama yake.

"Mama, hakilii. Jana kililia."