Wadudu Weusi wa Shemeji

Kibiriti alifunua jiwe, akamdaka mbawakawa mweusi kabla hajatimua mbio, akamtia kwenye kopo pamoja na wenzake. Mdudu akamng'ata kidole. Kibiriti akamtukania ukoo wake wote, akafunika kopo.

Jina hilo alibandikwa kwa sababu ya hasira zake, naye hakuwahi kulikataa. Siku hizo aliyekuwa akimwasha ni shemeji yake, mjane wa kaka yake, aliyelima kabichi ng'ambo ya ua. Baba mkubwa wa ukoo alishakata shauri: mjane akivuna vizuri msimu huu, shamba la marehemu ni lake na wanawe. Akishindwa, linakwenda kwa Kibiriti.

Ugomvi ulianzia kwenye miche. Asubuhi moja Kibiriti aliikuta ya kwake imelala chini, imekatwa shinani kama kwa kisu.

"Wewe mwanamke, umenikatia miche yangu!" alifoka juu ya ua.

"Nikukatie ya nini, shemeji? Yangu yenyewe imenishinda." Hapo mjane akajishika kichwa, akaangua kilio kilichofika barabarani. "Wadudu hawa weusi watanimaliza! Wakiongezeka kidogo tu, shamba sina!"

Kibiriti alirudi ndani akicheka peke yake. Adui yako muombee njaa, wanasema watu; yeye hakuwa mtu wa kuomba, alikuwa mtu wa kutenda.

Tangu siku hiyo, kila alfajiri alipekua shamba lake, chini ya mawe, chini ya nyasi kavu, kwenye samadi. Kila mbawakawa aliyemwona alimkamata, akaenda kummwaga kwa shemeji. Alijipongeza sana. Kwake anasafisha, kwa mwenzake anachafua.

Lakini miche yake iliendelea kukatwa. Akapanda mingine, nayo ikalala. Mwanamke analipiza, alijiambia, na roho ikazidi kumchemka.

"Hicho kisu chako nitakikamata!"

"Kamata, shemeji, ila wadudu usinitupie. Nakusihi kwa ajili ya marehemu."

Siku hiyo alimwaga makopo mawili.

Baba mkubwa alipokuja kukagua, alifuatana na bwana shamba. Kwa Kibiriti palibaki udongo na vishina. Kwa mjane kabichi zilikuwa zimefunga, kila kichwa cha kubebwa kwa mikono miwili.

"Amenihujumu huyu!" Kibiriti alipiga kelele, mate yakimruka. "Muulizeni kisu chake kiko wapi!"

Bwana shamba alichuchumaa penye shina lililokatwa, akafukua kwa kidole, akatoa kiwavi mnene aliyejikunja.

"Kisu ndicho hiki. Mchana anajificha, usiku anakata. Anayemla ni mbawakawa mweusi, na ajabu ni kwamba hapa kwako simwoni hata mmoja."

Akavuka ua, akainua jani lililoanguka. Wadudu weusi wakatawanyika kila upande.

"Mama, nilipokuonyesha hawa mwanzoni mwa msimu, ulikuwa nao wawili watatu tu. Hili jeshi umelitoa wapi?"

Mjane alimgeukia shemeji yake, akamtazama kwa upole.

"Nililia tu kwa sauti, bwana shamba."