Karatasi ya Chini

"Saini hapa, mama, nyumba iwe yako," alisema afisa wa nyumba za serikali.

Mshonaji akashika kalamu. Miaka ishirini na sita ya kupanga nyumba hiyo ilikuwa inaisha. Lakini vidole vyake, vilivyozoea kuhesabu tabaka za kitambaa bila kutazama, vilihisi karatasi mbili, si moja.

Akafunua. Ya chini ilisema mnunuzi anafuta malalamiko yake yote kuhusu moshi wa kiwanda jirani.

"Hiyo ni ya kawaida tu," alisema afisa. "Wenzako waliokuja jana wote wamesaini."

Nyumbani, mumewe alikuwa analala ameketi kila usiku, kwa kikohozi cha moshi huo.

"Kwa hiyo nikinunua, mume wangu akohoe kimya kimya?"

Afisa akaangalia saa yake.

Mshonaji akafungua mlango, akawageukia waliokuwa kwenye foleni.

"Jamani, kabla hamjasaini, hesabuni karatasi."