Uthibitisho wa Mama Mzazi

"Watu husema hatufanani hata kidogo," mshonaji alimwambia afisa, na binti yake akamkanyaga mguu.

Maneno yalikuwa yameshamwagika. Afisa wa dirisha la nne, ambaye wenzake walimbandika jina la Darubini, aliweka kalamu chini na kuwakagua kwa zamu, pua kwa pua, sikio kwa sikio. Sheria ilisema aliyezaliwa na raia ni raia. Baba hakuandikwa kwenye fomu, kwa hiyo mzigo wote ulimwangukia mama. Lakini huyu ni mama kweli? Kwa maswali ya aina hiyo Darubini alikuwa amejijengea jina.

Binti alitaka kulia. Chuo cha uuguzi kilimpa mpaka saa kumi jioni hiyo apeleke cheti cha uraia, la sivyo nafasi yake ingekwenda kwa mwingine. Na mama mtu, badala ya kufunga mdomo, anajipalia makaa mwenyewe.

Darubini aliomba kadi ya kliniki. Ikatolewa. Akasema kadi huazimwa. Mshonaji akatoa picha yake akiwa wodini na kichanga. Akajibiwa kwamba vichanga vyote vina sura moja. Basi akaitwa mkunga mstaafu, bibi wa miaka themanini, aliyekuwa amekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Alisimulia uzazi ule hatua kwa hatua, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri, mpaka wanaume kwenye foleni wakainamisha vichwa.

"Nilimbeba mimi, na uchungu niliupata mimi," mshonaji akasema, na hapo sauti ilimkatika kweli. "Nani mwingine aje amdai?"

Darubini akanyoosha mikono. Alikuwa hajawahi kushindwa namna ile, na aibu ikamtia haraka. Alipiga muhuri kila ukurasa wa fomu, hata zile kurasa alizokuwa hajazifikia, akatoa cheti na nakala yake.

Binti akatoka mbio na cheti kuelekea chuoni. Mama yake akafuta machozi, akamshukuru mkunga, kisha akaichukua nakala na kuhamia foleni ya dirisha la tano.

"Nikusaidie nini, mama?" afisa wa pale akauliza.

"Mimi ni mgeni hapa nchini," mshonaji akasema. "Nimekuja kuomba uraia. Mwanangu ni raia."