Kanga Kuukuu

Mtoto alikuja kabla ya miezi yake kutimia, adhuhuri ya mvua. Mkunga, Bi Somoe, hakuinua hata macho alipoagiza, "Bi Kidawa, lete kanga kuukuu upesi. Mjukuu wako anaanza kuwa baridi."

Bi Kidawa akalifungua sanduku lake kwa pupa. Mtaa mzima ulimjua kwa kupenda vipya. Kanga ikipauka kidogo tu, keshaigawa. Sasa kila aliyoitoa ilikuwa ngumu kwa wanga wa dukani, ikichakarisha kama karatasi. Akaifikicha moja kwa viganja mpaka vikamwasha. Akaitia meno. Haikulainika.

"Hiyo itamchubua," mkunga alisema. "Ngozi yake ni ganda la kitunguu, shoga. Hukubakiza hata tambara?"

Hakubakiza. Nguo za bintiye zilikuwa zimelowa damu, na nyumba ya jirani ilikuwa mbali kwa mvua ile.

"Mama," binti aliita kutoka kitandani, uso ukiwa ukutani. "Fanya lolote."

Bi Kidawa akaiacha kanga ianguke. Yeye ambaye hakuwahi kuonekana kifua wazi hata na wanawake wenzake, akavua gauni, akampokea mtoto na kumlaza kati ya matiti yake yaliyolegea, juu ya ngozi iliyofuliwa na miaka mpaka ikanywea. Ndicho kitu kikuukuu pekee kilichobaki nyumbani mle.

Kisha akaizuia pumzi yake, asikilize kama ipo nyingine.