Kamba ya Kuelekea Shuleni

Maji yalimfika Tunu magotini kamba ilipomwishia mkononi. Majirani walikuwa wameifunga kutoka mlangoni kwake hadi shule ya mlimani, ili yeye asiyeona ajiokoe mafuriko yakija. Mtoto wake, Shani, alikuwa akilia mgongoni.

"Jamani, kamba iko wapi?"

"Mama Shani, nisamehe!" Bi Fundo, jirani yake, alipiga kelele kutoka upande wa juu. "Jana nilikata kipande, nikaanikia nguo. Ngoja nije!"

"Utasombwa, dada! Wewe sema tu, nifuate sauti."

"Niseme nini?"

"Chochote! Hata nitukane!"

Bi Fundo akaanza huku analia. "Mbishi wewe! Mchoyo wa chumvi wewe! Kushoto kidogo, kichwa kigumu!"

Maji yakapanda kiunoni. Tunu akanyoosha mikono mbele, akayafuata matusi.